Ni Nani Anayejibu?

Taa za ruta zinawaka zote, simu inaonyesha Wi-Fi imeshika, lakini ujumbe wa WhatsApp umebaki na kijisaa na kivinjari kinazungusha duara lake bila kufika popote. Katika mitaa ya Kakamega iliyofikiwa na faiba, iwe Milimani, Amalemba, Lurambi au Kefinco, ushauri unaotolewa hali hii ikitokea ni ule ule: ingia kwenye ruta, futa DNS ya kampuni, weka 8.8.8.8 ya Google. Anayeshauri kwa kawaida hajauliza ni kitu gani kimeharibika. Na kwa kuwa wakati mwingine mambo hutengemaa baada ya hapo, sifa ya namba hizo inazidi kukua, ingawa mara nyingi kilichosaidia ni kwamba ruta ilizimwa na kuwashwa ili mabadiliko yashike. Nina maoni magumu kidogo kuliko ushauri huo. Kubadili DNS ya nyumba ni kumkabidhi mtu kazi ya kujibu swali linalotangulia karibu kila jambo kwenye intaneti, na mwenye nyumba asiyeweza kupima ni nani hasa anayejibu hajachagua chochote, hata kama namba amezichapa kwa vidole vyake mwenyewe. Kutafuta hitilafu na kuchagua wa kumwamini ni ujuzi mmoja. Anayekosa sehemu ya kwanza, ile ya pili anabahatisha tu.

Swali lenyewe ni jepesi. Kompyuta husafirisha data kwa anwani za namba, binadamu hukumbuka majina, na lazima awepo wa kugeuza jina kuwa namba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi hiyo ilifanywa na faili moja lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California, na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Kompyuta za mtandao wa wakati ule zilinakili faili hilo na kulitumia. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alipendekeza mfumo tulio nao leo, DNS, ambamo hakuna aliye na orodha nzima: seva za mizizi zinajua pa kuuliza habari za .ke, KeNIC inajua pa kuuliza kuhusu jina fulani lililo chini ya .ke, na seva ya mwenye jina ndiyo yenye jibu. Ruta ya nyumbani haifanyi safari hiyo yote. Humtuma mwingine, yaani seva ya kuulizia, na kuamini atakachorudi nacho. Ni sawa na mgeni anayeshuka matatu mjini Kakamega akiwa na jina tu la mwenyeji wake, akamwuliza boda wa steji. Lami inaweza kuwa nzuri na pikipiki ikawa na mafuta ya kutosha, lakini boda asipolijua jina hilo mgeni hafiki. Na akiamua kumpeleka kwingine, mgeni atagundua akiwa ameshabisha hodi kwa watu asiowajua.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hufanywa kabla ya kugusa mpangilio wowote. Piga ping kwa namba, tuseme 1.1.1.1, kisha kwa jina. Namba ikijibu na jina likikataa, njia ni nzima na mashaka yako kwa anayeulizwa. Zote mbili zikikataa, tazama taa ya LOS kwenye kisanduku cha faiba: ikiwa nyekundu, waya umekatika mahali fulani na hakuna DNS duniani itakayouunga. Na kuna hali ya tatu, ambapo kosa liko kwa mwenye jina mwenyewe. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu kwa saa za Kenya, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote hadi karibu saa saba usiku. Kwa mtazamaji ilikuwa hitilafu ya DNS, maana majina hayakupata jibu. Chanzo chake kilikuwa kwamba katika kazi ya matengenezo Facebook yenyewe ilijikata na kuondoa njia zinazoelekea kwenye seva zake za majina. Hakuna seva ya kuulizia, ya Nairobi wala ya California, ambayo ingeweza kuyajibu. Cloudflare, kampuni yenye seva ya kuulizia ya 1.1.1.1, walieleza kwamba maswali kuhusu majina hayo yaliyomiminika kwao yalipanda hadi mara 30 ya kawaida, kwa kuwa simu na programu hazichoki kuuliza. Aliyebadili mipangilio ya ruta jioni ile alibadili kitu kilichokuwa kizima. Ndivyo ilivyokuwa pia tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini: hata jina lijibiwe upesi namna gani, data yenyewe ilikuwa kwenye msongamano.

Tuseme sasa kipimo kimethibitisha kwamba tatizo ni la DNS, na mwenye nyumba ameandika namba mpya. Hapo wengi hudhani kwamba ruta ndiyo yenye kauli ya mwisho. Siyo, na mamlaka yake yamekuwa yakipungua mwaka hadi mwaka. Namba iliyoandikwa kwenye ruta ni pendekezo kwa vifaa vya nyumbani. Ruta inapozitaja namba hizo moja kwa moja kwa kifaa, kifaa huzishikilia hadi kitakapohuisha anwani yake, jambo ambalo aghalabu huchukua saa nyingi, hivyo simu iliyounganishwa tangu asubuhi inaendelea kumwuliza wa zamani mpaka Wi-Fi yake izimwe na kuwashwa. Simu za Android tangu toleo la 9 la mwaka 2018 zina mpangilio wa DNS ya faragha. Ukijazwa jina la seva pale, simu haiisikilizi tena ruta. Vivinjari kama Firefox na Chrome vinaweza kuwa na seva yao ya kuulizia, navyo hupitisha maswali ndani ya njia ile ile iliyosimbwa inayobeba kurasa. Na pale kampuni inapotoa anwani za IPv6 sambamba na zile za zamani za IPv4, mwenye nyumba anaweza kubadili DNS ya upande wa IPv4 tu, huku ruta ikiendelea kutangaza ile ya kampuni upande wa pili. Nyumba moja, vifaa vitano, na wanaojibu wanaweza kuwa wanne.

Nafasi ya DNS ya pili kwenye ukurasa wa ruta ndiyo inayowaponza watu zaidi. Mzazi anaweka 1.1.1.3, huduma ambayo Cloudflare ilianzisha mwaka 2020 kuzuia programu hasidi na picha za ngono, kisha kwenye nafasi ya DNS ya pili anaweka 8.8.8.8 iwe akiba. Vifaa vingi haviichukulii kuwa akiba. Huuliza mojawapo, au huuliza zote kwa pamoja na kushika jibu linalotangulia. Matokeo ni kichujio kinachofanya kazi asubuhi na kulala jioni, na mzazi anayeapa kwamba huduma hiyo ni ya uongo. Namba iliyopaswa kukaa pale ni 1.0.0.3, ya huduma ile ile. Hitilafu ya aina hii haiwezi kuonekana kwa kutazama ukurasa wa ruta, kwa sababu ukurasa unaonyesha kile ulichoandika. Hausemi nani alijibu.

Ndiyo maana naweka uzito kwenye kipimo kuliko kwenye namba. Amri ya nslookup, ambayo Windows huja nayo na Linux hupata kwa urahisi, huanza kwa kutaja seva iliyojibu. Wengi huruka mistari hiyo ya juu na kukimbilia jibu. Ikisoma 192.168.100.1 au 192.168.1.1, maana yake ni kwamba ruta ndiyo iliyojibu kwa niaba ya mwingine, na bado hujamjua huyo mwingine. Hapo uliza jina whoami.akamai.net: jibu lake ni anwani ya seva ya kuulizia iliyofikisha swali. Kama uliandika 1.1.1.1 na anwani inayorudi ni ya mtandao wa kampuni yako ya intaneti, maswali yako yanakamatwa njiani. Jambo hilo linawezekana kabisa, kwa sababu maswali ya kawaida ya DNS husafiri wazi kupitia mlango namba 53, na yeyote aliye katikati ya njia anaweza kuyajibu akijifanya ndiye aliyeulizwa. Uturuki ilitoa somo hili hadharani. Machi 2014, serikali ilipofunga Twitter kwa njia ya DNS, watu wa Istanbul waliandika 8.8.8.8 kwa rangi ukutani ili kila mpita njia ajue pa kukimbilia. Kabla mwezi haujaisha, mitandao ya huko ilikuwa ikielekeza safari za kwenda kwenye namba hizo za Google hadi kwenye seva nyingine zilizojibu kwa jina la Google. Namba zilibaki zile zile, aliyejibu alikuwa mwingine.

Mtu atasema dawa ya udanganyifu huo ni usimbaji: DNS inayopita mlango 853 au ndani ya njia ya kurasa salama, ambamo seva lazima ionyeshe cheti kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Nakubali, na kama ruta inaweza, iwekwe. Lakini usimbaji huleta hitilafu zake, na mojawapo inaijua sana hali ya hewa ya Kakamega. Mji huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na alasiri za ngurumo hazipungui. Radi ikipiga, stima inapotea. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ndogo ya kutunza saa. Stima ikirudi, ruta inaamka ikiamini ni mwaka 1970, au siku ambayo programu yake iliundwa. Inamfikia mwenye kujibu, inaonyeshwa cheti, inasoma tarehe ya kuanza kutumika, na kwa saa yake cheti hicho bado hakijazaliwa. Inakikataa. Ili irekebishe saa inahitaji seva ya muda, ambayo imeandikwa kwa jina, tuseme pool.ntp.org, jina linahitaji DNS, na DNS inasubiri saa. Taa zote zinawaka na hakuna kinachofunguka. Fundi anakuja, anaweka 8.8.8.8 ya kawaida, intaneti inarudi, analipwa. Mwenye nyumba anabaki akiamini Google ni bora kuliko aliyekuwapo, kumbe kilichotokea ni kwamba ulinzi aliokuwa ameutaka umeondolewa bila yeye kuambiwa. Tiba sahihi ilikuwa kuandika seva ya muda kwa namba, au kuruhusu jina hilo moja liulizwe kwa njia ya wazi. Kwa aliyepima, hiyo ni kazi ya dakika tano.

Kuna na mtego wa malipo. Intaneti nyingi za nyumbani nchini hulipiwa mwezi kwa mwezi, na kuna mitandao ambayo kifurushi kikiisha mteja huelekezwa kwenye ukurasa wa kulipia kwa kumjibu kila jina kwa anwani ya ukurasa huo. Mwenye DNS yake mwenyewe hauoni. Anachoona ni ukimya, na anaweza kumaliza jioni nzima akichezea mipangilio ya ruta wakati kinachodaiwa ni M-Pesa ya mwezi. Sisemi hili kuwatetea wanaoingilia majibu. Ujumbe wa simu ungetosha. Nasema kwamba anayejitoa kwenye utaratibu wa kampuni anachukua na majukumu ambayo utaratibu huo ulikuwa ukimfanyia kimyakimya.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la kasi: watu hubadili DNS ili intaneti iwe nyepesi, basi. Tulipime. Kutoka Kakamega hadi Nairobi kwa barabara hakufiki kilomita 400. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama milisekunde nne, ukiacha mizunguko ya waya na vituo vya njiani. Seva ya kampuni iliyoko Nairobi iko umbali huo. Na Cloudflare wana vituo Nairobi na Mombasa, na 1.1.1.1 hutangazwa kutoka vituo vingi duniani ili swali lako lifike kilicho karibu. Tofauti kati ya hizo mbili haisikiki kwa mtu, tena jibu likishapatikana hutunzwa kwa muda na haliulizwi upya. Kasi huonekana pale tu seva ya kampuni inapozidiwa, na hilo hujulikana kwa kupima jina lile lile kwa wote wawili saa ya msongamano. Upande mwingine kuna hasara isiyotajwa. Huduma kubwa za video huweka nakala karibu na watazamaji, na baadhi huchagua nakala ya kukupa kwa kutazama seva ya kuulizia iko wapi. Ukiuliza kupitia seva iliyoko Ulaya, unaweza kuletewa picha kutoka Ulaya huku nakala yake ikiwa Nairobi.

Pingamizi zito zaidi ni la faragha, na nalipa nafasi kwa sababu sina hakika kama wanaolipuuza wamelitafakari. Kwa nini Mkenya aichukue orodha ya kila tovuti inayotajwa nyumbani kwake aipeleke kwa kampuni ya Marekani? Kampuni ya hapa ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, iko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na ina ofisi ambapo mtu anaweza kwenda kulalamika. Sheria hiyo inawagusa hata walio nje ya nchi wanaochakata data za watu waliomo nchini, lakini kuishika kampuni iliyoko California ni safari ndefu. Naafiki sehemu ya hoja hii. Ahadi ya Cloudflare mwaka 2018 kwamba haitaweka kumbukumbu zaidi ya saa 24, na kwamba wakaguzi wa KPMG wataitazama, ni ahadi ya kampuni, haina nguvu ya sheria ya hapa. Hata hivyo kampuni ya nyumbani inakujua kwa jina, namba ya simu na kitambulisho, na hata ukiulizia kwingine bado inaona anwani unazotembelea. Kuiachia na majina ni kuikamilishia picha. Kuwagawanya mashahidi kunaweza kuwa busara. Mimi ningechagua seva ya nje iliyosimbwa kwa nyumba ya mwandishi wa habari au wakili, na kuacha ya kampuni kwa nyumba ambayo hakuna atakayejua kuirekebisha ikizima. Mwenye nyumba hiyo ya pili hana aibu yoyote katika uamuzi huo, mradi ameufanya akijua.

Wapo watakaosema mwananchi wa kawaida hana muda wa haya, na fundi yupo. Ni kweli, ila kuna wakati ambapo watu milioni nne hawakujua ni nani alikuwa akiwajibu. Mtandao wa wahalifu ulioendeshwa kutoka Estonia ulieneza programu ya DNSChanger, iliyobadili DNS kwenye kompyuta zaidi ya milioni nne katika nchi takriban 100, na pia kujaribu kuingia kwenye ruta za nyumbani kwa nenosiri la kiwandani. Waathiriwa waliendelea kuvinjari bila shaka yoyote, wakijibiwa na seva za wezi. Novemba 2011 FBI ilipowakamata wahusika, seva hizo hazikuweza kuzimwa papo hapo kwa sababu nyumba nyingi zingebaki gizani. Mahakama iliruhusu seva safi ziendeshwe kwa muda mahali pake, zikafungwa tarehe 9 Julai 2012. Wenye vifaa vilivyobaki na maambukizi siku hiyo walikuwa hatarini kuona intaneti ikikatika. Mstari mmoja wa nslookup ungewaambia mapema.

Jukumu hili huwa kubwa zaidi ruta moja inapohudumia watu wengi, kama katika hosteli za wanafunzi zinazouzunguka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mwenye ploti akiandika DNS mpya, ameamua kwa niaba ya vyumba vyote, vikiwemo vya watu wazima wasioomba kuchujiwa wala kuhamishiwa popote. Jina la Wi-Fi na nenosiri lake tayari hubandikwa ukutani; chini yake uongezwe mstari mmoja unaotaja nani anajibu, na kama kuna kichujio. Keateka atasema hiyo ni kuwapa wahuni siri za mtandao. Hakuna siri pale: kifaa chochote kilichounganishwa kinaweza kuuliza na kujua. Siri ni nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta, na hilo mara nyingi bado ni lile lililochapwa kwenye kibandiko cha chini, kwenye ruta iliyotundikwa koridoni mahali ambapo yeyote anaweza kuigeuza akalisoma. Keateka na aanzie hapo.